Leo Nimekaa na Mwenzangu

Mtoto mmoja mgongoni, mwingine pajani, wa tatu ameshikwa mkono asije akakimbilia madhabahuni: hivyo ndivyo ninavyomwona koko yangu Soila kila nikifumba macho. Benchi zima limeondoka. Wanawake wamekwenda mezani kwa Bwana, vitenge vyao vipya vikisuguana, nao wamemwachia watoto, mikoba, miwani na mwavuli mmoja unaovuja. Amekunja magoti upande kuwapisha, na sasa amebaki peke yake kwenye ubao mrefu, anaimba na kwaya kwa sauti ya chini huku akimpapasa mgongo mtoto wa mtu. Mimi niko ubavuni pake, nina miaka sita au saba, natafuna pindo la gauni langu la Jumapili.

Nilidhani ni cheo. Kanisani kwetu kila mtu alikuwa na chake: Mzee Solomoni alipitisha kikapu cha sadaka, mwalimu wa kwaya alirusha mikono, mwinjilisti alisoma matangazo mpaka watu wakasinzia, na koko alishika watoto. Niliona fahari. Niliwahi hata kuwatambia wenzangu wa shule ya Jumapili kwamba bila bibi yangu hakuna mama ambaye angeweza kula chakula cha Bwana kwa amani, na mpaka leo sijui kama nilikosea sana.

Ukweli nilielezwa na koko Anna, mwaka nilioanza mafundisho ya kipaimara. Kwetu bibi tunamwita koko, nami nilikuwa na koko wawili, nyumba zao zikitazamana, uwanja mmoja katikati. Wote wawili walikuwa wake wa babu yangu Loishiye.

Usharika wetu uko juu ya Ngaramtoni, upande wa magharibi wa Mlima Meru, mahali ambapo asubuhi za Julai ukungu unaingia hadi ndani ya kanisa na mchungaji anahubiri akitoa moshi mdomoni. Babu alikuwa na shamba huko juu, mahindi na maharage na kahawa kidogo, na ng'ombe aliwaweka chini tambarare kwenye boma jingine, kama walivyofanya Waarusha wengi. Koko Anna ndiye aliyefunga naye ndoa kanisani. Alijifungua mara moja tu, mtoto akafa, na mgongo wake haukupona tena. Nyumba ya juu ilihitaji mtu, boma la chini lilihitaji mtu, na Anna alikuwa mmoja. Basi yeye mwenyewe, kwa miguu yake, amevaa shuka jipya na kibuyu cha maziwa mkononi, alikwenda kwa wazazi wa binti mmoja aliyekuwa akiimba naye kwaya, akamwombea mume wake mke. Kwa desturi zetu hilo halikuwa la ajabu. Mke wa kwanza ndiye anayejua anataka kuishi na nani. Binti huyo alikuwa Soila.

Kwa kanisa ilikuwa habari nyingine. Jumapili moja mchungaji wa wakati huo alisimama akatangaza kwamba Loishiye na Soila wametengwa na meza ya Bwana kwa kuingia ndoa ya mitala. Anna hakuguswa, kwa kuwa ndoa yake ilikuwa ya kanisa. Babu alicheka, akashuka kwa ng'ombe wake, na tangu hapo Jumapili ikawa kwake siku ya kunywesha mifugo. Soila hakucheka. Wiki iliyofuata alioga, akavaa, akaenda akakaa kwenye benchi lile lile, na aliendelea kukaa hapo kwa zaidi ya miaka arobaini.

Msidhani walimfanyia ubaya. Walimpenda, tena sana. Walimsalimu mlangoni kwa mikono miwili, walimuulizia afya yake, walimwekea nafasi. Alikaribishwa kila mahali na hakutarajiwa popote, na hilo nililielewa nikiwa nimeshakuwa mtu mzima. Nyumbani maisha yaliendelea. Soila alimzaa baba yangu, Saning'o, ambaye alikua akila kwenye nyumba yoyote iliyotangulia kuivisha, na akichapwa na mama yeyote aliyemfikia kwanza.

Babu alifariki mwaka juzi, masika yakianza. Siku chache kabla, mchungaji wetu mpya, Ezra, alikuja na wazee wa kanisa, akainama kitandani akamuuliza kama anarudi kundini. Babu akainamisha kidevu. Koko Anna anashikilia mpaka leo kwamba alikuwa anasinzia. Hata hivyo alipewa mkate na divai, akatangazwa kuwa amerudi, na kanisa likamzika kwa heshima zote. Shughuli nzima haikuzidi muda wa kunywa kikombe cha chai. Koko Soila alisimama mlangoni akiangalia, mkono mdomoni.

Mwaka mmoja ulipita. Mchungaji Ezra alikuja tena, safari hii kwa koko Soila. Alikuwa kijana wa upande wa Maji ya Chai, Mmeru, ambaye Kimaa chetu kwake kilikuwa bado cha kuombea maji tu, lakini alikuwa na adabu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mchungaji. Pita ndani, nje kuna upepo."

Aliongozana na Mzee Solomoni, aliyekuwa sasa kiongozi wa wazee wa kanisa. Mimi nilikuwa nimepanda kutoka mjini kuwasalimu, kwa hiyo ndimi niliyemimina chai. Mchungaji alikuwa na habari njema na uso ulimsaliti kabla hajafungua mdomo. Kwa kuwa Mzee Loishiye amelala, alisema, bibi si mke wa pili wa mtu tena. Ni mjane kama wajane wengine. Wazee wamekubali. Jumapili ya Mitende atasimama mbele ya washarika, atatubu, atapokelewa, na siku hiyo hiyo atakwenda mezani.

Koko aliweka kikombe chini. Machozi yalimlenga, na mimi yakanilenga kwa kumwona.

"Nitasema nini?" aliuliza.

"Mimi nitasoma, wewe utaitikia tu. Nitakuuliza kama unatubu kuishi katika ndoa isiyo halali. Utasema, ndiyo, natubu."

Nje koko Anna alikuwa anawafokea kuku.

"Huyu Diana unamwona?" koko akasema, akinigusa goti. "Baba yake ni Saning'o. Saning'o nilimzaa katika ndoa hiyo. Nikishayasema hayo mbele ya watu, nikirudi nyumbani nitamwangalia vipi?"

"Hatusemi watoto, bibi. Tunasema ndoa."

"Wewe ukitazama hapa unaona inaishia wapi ndoa, wanaanzia wapi watoto?" Hakupandisha sauti. "Mchungaji, dhambi ninazo. Nina ulimi mbaya. Nilimchukia mume wangu mwaka mzima kwa ajili ya ng'ombe mmoja. Maziwa ya Anna nimeyachota bila kumwambia, na Anna anajua. Hayo nitayatubu hata sasa hivi, hapa hapa. Lakini hiyo unayoitaja si dhambi yangu. Hiyo ni nyumba yangu."

Mzee Solomoni alikohoa. Mchungaji akasema taratibu ndizo hizo, hakuzitunga yeye, na aliposema hivyo alikuwa anaangalia sakafu. Wakaomba, wakaaga, chai yao ikabaki nusu.

Walipokwisha kuondoka, koko alianza kukusanya vikombe. Moyo wake ulikuwa umeanza kuchoka. Daktari alishatuambia asibebe ndoo wala asipande kilima kwa haraka, na yeye mwenyewe alijua hesabu zake zinakaribia mwisho.

"Nataka kula kabla sijafa, Diana," aliniambia. "Lakini si kama babu yako. Sitaki kupewa kitandani, hata nisijue kama nimepewa. Nataka niende kwa miguu yangu."

Mimi nina hasira za karibu. Kwetu wanasema nimezirithi kwa koko Anna, ambaye hatuna hata tone la damu moja, kazi kwenu kulieleza hilo. Siku ile nilitaka kumfuata mchungaji barabarani nimpe vipande vyake. Badala yake nilikuja na wazo ambalo niliona ni la akili sana.

Nafanya kazi mapokezi, katika hoteli moja ya watalii kule Themi. Kutwa nzima nawakaribisha watu nisiowajua. Nawapa tabasamu na funguo, nawatakia usingizi mwema, na wakiondoka nawasahau. Napanga chumba Elerai. Jumapili nisipokuwa kazini nilikuwa naingia kanisa lolote lenye ibada ya muda unaonifaa, mara hili, mara lile, na sikuona tatizo lolote. Kwa hiyo nilimwambia koko kwamba mjini kuna makanisa hayaulizi maswali. Kule ukifika unapewa.

Aliposhuka mjini kumwona daktari alilala kwangu, na Jumapili nikampeleka. Ulikuwa ukumbi mkubwa, viti vyeupe vya plastiki, runinga ukutani zinazoonyesha maneno ya nyimbo. Watu walitupokea vizuri mno. Binti mmoja alimkumbatia koko kabla hajaambiwa hata jina lake. Wakati ulipofika, wahudumu walipita na trei za vikombe vidogo, mfano wa vile vya kupimia dawa ya kikohozi, na vipande vya mkate. Trei ikafika kwangu, ikafika kwa koko. Aliishika kwa mikono miwili, akaitazama mpaka mhudumu akaanza kuchezesha mguu. Kisha akampitishia jirani yake bila kuchukua kitu, kwa adabu zote.

Nje nilimtafutia kivuli penye ukuta, nikampa maji.

"Koko, kwa nini?"

"Wale wananijua?"

"Hawakujui. Ndiyo raha yake."

"Hawajui nimeolewa wapi, wala nimemzaa nani, wala kwamba nimetengwa."

"Hawajui chochote."

Alikunywa maji kidogo, akafunga chupa. "Sasa wangenipa, wangekuwa wamempa nani?"

Nilichemka. Nilimwambia Mungu anamjua, na hilo linatosha.

"Mungu ananijua tangu zamani," alisema. "Ni wale wa kwetu nataka wanipe huku wananijua." Halafu, kwa kuwa aliona nimenuna, akaongeza kwamba kuimba wanaimba vizuri, wala asingekataa kuja siku nyingine kusikiliza.

Nilimrudisha nyumbani siku ya pili yake, na jioni hiyo, nikimshikia ndama koko Anna akikamua, nilimhadithia yote. Nilimhadithia kwa hasira na kwa maneno mengi: mchungaji, swali, trei. Nilitegemea naye awake. Hakuwaka. Aliendelea kukamua mpaka mwisho, akanyanyuka kwa kushikilia mgongo wa ng'ombe, akaingia ndani. Koko Anna akinyamaza, mwenye akili anaanza kuwa na wasiwasi.

Jumapili ya Mitende ilifika. Watoto waliingia na matawi, wakachapana nayo, wakatulizwa. Hakuna aliyeitwa mbele. Wakati wa meza watu walianza kunyanyuka benchi kwa benchi, na zamu ya benchi letu ilipofika, koko Soila alikunja magoti upande kama kawaida yake. Wanawake wakapita. Koko Anna, mwenye nafasi yake mwisho kabisa karibu na ukuta, hakunyanyuka.

Mzee Solomoni, aliyekuwa akiongoza watu, alimwashiria. Akaashiria tena. Masikio ya koko Anna yamepungua nguvu, na anachodhani ni kunong'ona kinasikika mpaka kwenye nguzo ya kengele.

"Pita tu, Solomoni," alinong'ona. "Leo nimekaa na mwenzangu."

Kwaya ilipoteza ubeti. Mchungaji Ezra, sahani ya mkate mkononi, aligeuka.

"Bibi Anna, unaumwa?"

"Siumwi, baba. Huyu nilikwenda kwao mimi mwenyewe nikamleta. Kama kumleta ni kosa, basi kosa ni langu, na nimekuja nalo hapo mbele miaka yote hii, na mlikuwa mnanipa. Leo nakaa."

"Nenda, wewe mwanamke," koko Soila alimsukuma kwa kiwiko, uso wote umemwiva. "Usinitie aibu."

"Aibu gani? Si nimekaa tu."

Mchungaji akaendelea kuwapa waliokwisha kupiga magoti. Nilimwona akikosea maneno aliyokuwa akiyasema kila mwezi.

Njiani kurudi nyumbani ndipo nilipoona hasira ya koko Soila kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Alitembea mbele haraka kuliko alivyoruhusiwa na daktari, akasimama ghafla kwenye migomba ya jirani, akageuka.

"Nani alikutuma, Anna? Nani? Kitu kimoja tu nilikuonea wivu katika maisha yetu yote, na wewe unakikataa mbele ya watu! Nilikuwa nikikuona unarudi kutoka mezani, nasema moyoni, basi, angalau mmoja wa nyumba yetu amekula."

Koko Anna alikuwa anahema, mkono kiunoni.

"Na mimi nilikuwa narudi nakukuta umekaa," alisema. "Unadhani kilikuwa kinashuka vizuri?"

Koko Soila alianza kulia, wima, katikati ya njia, bila kujifunika uso. Koko Anna hakumkumbatia. Si watu wa kukumbatiana wale. Alichukua mkoba wa mwenzake, akaubeba pamoja na wa kwake, akatangulia. Siku nzima hawakusemezana. Jioni koko Anna aliniita, akanipa bakuli la loshoro ya moto, chakula chetu cha mahindi, na maziwa yake mgando juu. "Mpelekee mwenzangu," alisema. "Mwambie ni ya jana, asije akajiona."

Ijumaa Kuu koko Anna alikaa. Pasaka yenyewe, siku ambayo hata walevi wa Ngaramtoni hutafuta shati safi wakaenda mezani, alikaa. Maneno yakaanza kutembea usharikani. Wazee walimtembelea kumwonya kwamba mtu anayejitenga mwenyewe anaweza naye kutengwa, na yeye akawaambia watenge tu, amekaa na mtu aliyetengwa tangu ujana wake na anajua jinsi ya kuishi naye. Koko Soila aliposikia alimwomba kwa mara ya mwisho aache ukaidi. "Nitaacha," koko Anna alimjibu, "siku tutakapokwenda wote."

Nilikuwa nimechukua likizo, kwa sababu moyo wa koko ulikuwa unamsumbua zaidi na baba yangu alikuwa boma la chini na ng'ombe. Ndiyo maana nilikuwepo siku mchungaji alipokuja peke yake, bila wazee, bila joho wala Biblia. Aliwakuta wote wawili uwanjani wakipukuchua mahindi ya kupeleka mashineni. Hakungoja kiti. Alivuta gunia tupu akakaa chini, akachukua hindi, akaanza naye kupukuchua. Alipukuchua vizuri. Mtoto wa mkulima hafichiki.

"Sijalala sawasawa tangu Mitende," alisema mwishowe.

"Pole," koko Anna alisema, bila huruma nyingi.

"Nimekaa na wazee mara mbili, bibi." Alikuwa anasema na koko Soila. "Lipo ungamo tunalosema sote kila Jumapili, tukiwa tumesimama, mwanzo wa ibada. Nitakuita mbele, nitasimama nawe, na tutalisema lile lile, kanisa zima kwa pamoja. Swali jingine sitakuuliza."

Koko hakuinua macho. Punje zilikuwa zinaanguka kwenye ungo.

"Solomoni amekubali?"

"Mara ya kwanza alikataa kabisa. Mara ya pili akasema watoto wake wote wamelelewa mapajani kwako mke wake akiwa mezani, na kwamba hajui angekaaje pale akisikiliza ukiulizwa swali lile."

"Na huyu?" Alimwonyesha koko Anna kwa kidevu.

"Atalisema naye."

"Na wewe?"

"Na mimi, bibi."

"Wewe kijana mdogo hivi, una dhambi gani?"

Mchungaji Ezra alicheka, na nadhani hakuwa amecheka kwa wiki kadhaa. "Bibi," alisema, "tupukuchue mahindi."

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa tano, mvua inapiga bati kwa nguvu hata mwinjilisti akafupisha matangazo. Koko aliitwa kwa jina. Alitembea katikati ya kanisa, taratibu, amevaa shuka la bluu alilokuwa amelikunja sandukuni sijui tangu lini, na mchungaji akashuka kutoka madhabahuni akasimama ubavuni pake, akitazama upande uleule. Wote tukasimama. Tukasema maneno tuliyoyazoea tangu utoto, yale ambayo huwa tunayasema tukiwaza wali uko jikoni, kwamba tumekosa kwa mawazo na kwa maneno na kwa matendo. Siku ile nilisikia sauti za watu. Nilimsikia Mzee Solomoni. Nilimsikia koko Anna, aliyekuwa akifuata nyuma ya wenzake wote kwa maneno mawili.

"Washarika," mchungaji aliuliza, "mnampokea dada yetu?"

Waliitikia kwa kishindo ambacho sijawahi kukisikia kwetu Walutheri, na mama mmoja huko nyuma akapiga vigelegele, akazimwa, akapiga tena.

Walikwenda mezani wawili, wameshikana viwiko, na ilibidi wazee wawasaidie kupiga magoti. Mimi nilibaki kwenye benchi. Nilikuwa nimemaliza miaka sijahesabiwa katika usharika wowote, na siku ile niliona haya kunyanyuka tu na kwenda, kana kwamba ni mlo wa asubuhi hotelini. Nilimsikia mchungaji akisema, "Soila," kisha maneno yenyewe, kwamba mwili huu ulitolewa kwa ajili yako. Alipofika kwa koko Anna alikosea maneno, akarudia.

Koko Soila alirudi akakaa. Alipangusa midomo kwa ncha ya shuka. Nilimsogelea.

"Ni kidogo sana," aliniambia, kwa mshangao, na ndipo akaanza kulia.

Tulimzika mwezi wa pili mwaka huu. Wanajumuiya ndio waliompamba, ndio waliobeba, na koko Anna alikaa karibu na jeneza siku zote mbili akimsimulia habari za ng'ombe. Nilidhani mazishi hayo ndiyo yangebaki nami, au ile Jumapili ya mvua. Ninachokikumbuka zaidi ni simu aliyonipigia koko Soila kama mwezi mmoja baada ya kupokelewa. Ilikuwa Jumamosi mchana. Nilikuwa mapokezi, basi la wageni limetoka kuingia.

"Diana!" Sauti ilikuwa kama ya msichana. "Nimegombezwa!"

Nilishtuka. "Umegombezwa na nani, koko?"

"Na Prisca. Kanisani. Mbele ya watu wote!"

Prisca ni kiongozi wa jumuiya yao, mwanamke mdogo kwangu kwa umri. Kumbe siku hiyo jumuiya yao ilikuwa na zamu ya usafi, na koko naye alikuwa amepangwa. Ndama alitoroka, akamfukuzia, akafika wenzake wamekwisha kudeki nusu ya kanisa. Prisca akasimama na dekio mkononi, akamwambia hapa tumepatana saa mbili, koko, wenzako nao wana ng'ombe, huwezi kuja saa unayotaka wewe. Akampa kitambaa, akamwachia mabenchi yote ya mbele ayafute peke yake.

Hasira zangu za karibu zikanipanda. "Prisca huyo huyo? Ngoja nimpigie."

"Umpigie umwambie nini? Si nimechelewa kweli?" Alicheka mpaka akakohoa, na nikasubiri kikohozi kipite. "Tangu niolewe, mjukuu wangu, hakuna aliyewahi kunigombeza mle ndani. Kaa tu, koko. Usijisumbue, koko. Pumzika. Mpaka leo."

Wageni wawili walikuwa wanangoja funguo zao mbele yangu. Niliwainulia kidole wasubiri, jambo ambalo hoteli yetu hailiruhusu.

"Na wewe huko mjini," koko akauliza, "nani anakugombeza?"

Nilifikiri. Nilimfikiria jirani yangu wa Elerai, ambaye tulitenganishwa na ukuta tu na nilikuwa sijui jina lake. Nilifikiria yale makanisa yangu ya Jumapili, walivyokuwa wakinikumbatia mlangoni kila nilipofika na kuniuliza kama ni mara yangu ya kwanza.

"Hakuna, koko," nilisema.

Nilimsikia koko Anna kwa mbali akiuliza ni nani huyo anayeongea naye.

"Pole, mama," koko akaniambia. "Pole sana."